Vazi la Kompyuta

Mama mkwe wangu, Bi Sabina wa Makote, hakubali kitu kizuri kikae uchi sebuleni. Redio ameivalisha, makochi ameyavalisha, na tuliponunua kompyuta ya mezani hapa kwetu Newala, akaifumia vazi: kitambaa cha rangi ya maruni na nyeupe, kinafunika boksi lake mbele, nyuma na ubavuni, pindo mpaka chini. Kizuri, sikatai. Akakileta mwenyewe, akakaa kwetu kusubiri siku yake ya kliniki ya macho Ndanda.

Ndipo kompyuta ikaanza vituko. Naandika, inanguruma, mara kioo cheusi. Na Jumatatu nilikuwa na usaili wa kazi kwa video, kuratibu vikundi vya akina mama wanaobangua korosho. Mwaka mzima nimekaa bila kazi, nimechoka kuulizwa kama bado natafuta. Ikijizima katikati ya usaili, nimekwisha.

Nikabadilisha waya wa umeme, ikazima. Nikasaka virusi, ikazima. Nikamwita Dickson, fundi kutoka Masasi. Akaivua, akaifungua, akaisugua ndani kwa kifutio cha penseli, akapiga Windows upya. Ikawaka vizuri kabisa. Mama akaivalisha. Fundi hajafika hata stendi, ikazima! Nilimfokea kwenye simu mpaka salio likaisha.

Jumamosi Mama akakifua kitambaa. Kikashinda kwenye kamba, maana kwa ukungu wa Newala hakuna kinachokauka upesi. Kutwa nzima kompyuta ikafanya kazi, kimya. Jioni akakipiga pasi, akakirudisha. Haukupita muda, giza. Nikashika ubavu wa boksi: moto! Jamani, matundu yote ya kupitisha hewa yamezibwa, feni inahangaika bure.

"Mwambie mama yako," nikamwambia mume wangu, Optatus.

"Mwambie wewe. Kompyuta ni yako."

"Na mama ni wako!"

Akachukua baiskeli, akaondoka. Wanaume hawa!

Hata mimi sikuthubutu. Mama alikifuma akiwa na macho yale yale yanayomsumbua, na kila mgeni anaonyeshwa. Nikawa nakivua kwa siri, nikisikia kandambili zake nakirudisha mbio.

Jumatatu nikakivua, nikaenda kuvaa. Narudi, kompyuta imevalishwa, na Mama yuko kwenye kochi na khanga mpya.

"Wageni wako wasikute nyumba imekaa ovyo, Mama Priska," akasema.

Sijajibu, simu ya video ikaita. Watu watatu wakatokea kwenye kioo. Swali la kwanza nikajibu vizuri. La pili, mngurumo ukaanza. La tatu ukapanda, mpaka mmoja wao akauliza kama nina mashine ya kusaga. Niliona kazi yangu inaondoka hivi hivi.

Nikakivuta kitambaa.

"He!" Mama akasema.

Nikamtazama, moyo ukaniuma. Sasa nikiweke wapi? Kukitupa chini siwezi. Nikajitanda mabegani, nikaendelea kujibu kama mtu mwenye akili timamu. Mngurumo ukashuka, ukaisha.

"Samahani," akasema dada wa katikati, Yasmini. "Hicho kitambaa umefuma mwenyewe?"

"Hapana. Ni kazi ya mama mkwe wangu. Yuko hapa."

"Hebu tumwone! Shikamoo, Mama!"

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu, akajisogeza mbele ya kioo. Akaanza kueleza mishono, nikaogopa hatanirudishia usaili wangu. Lakini wote wakacheka, tukamaliza salama, na kompyuta haikukohoa hata mara moja.

Tukabaki wawili.

"Mama, nisamehe. Kitambaa kilikuwa kinaiziba pumzi. Ndiyo maana inazima."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi. Niliogopa kukuumiza."

Akanitazama, nami nikangoja kusemwa.

"Mama Priska, yanayouma ni macho. Masikio mazima. Ungesema tu."

Siku ya kliniki, tukiwa stendi tunasubiri gari la Ndanda, Yasmini akapiga: kazi nimepata. Nikapiga kelele, watu wote wakageuka. Mama akawatangazia kwamba kilichonipa kazi ni kile kitambaa. Nilikuwa nimejitanda hicho hicho kwa ajili ya baridi. Nikakivua nimrudishie, akakataa, akanigeuza, akaninyooshea pindo mabegani, taratibu, kama alivyokuwa akiinyooshea kompyuta.