Bamia Zilizovuka Baridi

Mimi nikiambiwa kitu hakiwezekani, ndipo mikono inaponiwasha. Mume wangu Halidi analijua hilo tangu anioe. Hata hivyo, mwezi wa sita mwaka huu alisimama nyuma ya nyumba yetu hapa Singe, akanyooshea kidole bamia zangu zilizokuwa zinapukutisha majani, akasema, "Mama Twalha, hizo zimekwisha. Zing'oe, nataka kujenga chumba cha kupangisha."

Kiwanja ni chake, duka la mjini ni lake, hata jogoo wetu humsikiliza yeye. Kile kibustani ndicho kitu pekee nikikitazama nasema hiki changu. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto.

"Hazijafa," nikamwambia. "Zinasikia baridi tu. Ikipungua zitazaa tena."

Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bamia iliyokwisha kuzaa izae tena? Haya. Baridi ikiisha fundi anakuja. Siku hiyo ukinipikia mboga kutoka hapo, sijengi. Ukinionyesha vijiti, tunachimba msingi."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Basi! Siku hiyohiyo nikachukua kisu, nikakata mashina yote yakabaki kimo cha goti, ili yachipue upya. Jirani yangu Mama Kornel, aliyehamia hapa na ng'ombe wake kutoka upande wa Hanang, alichungulia juu ya ua akashika kichwa. "Mama Twalha! Sasa umeyaua mwenyewe!" Lakini maneno yake hayamzuii kusaidia. Aliniletea karai la samadi iliyooza vizuri na mzigo wa majani makavu, nikatandaza shinani. Jioni nikawa nafunika kwa viroba vilivyoshikiliwa na vijiti, asubuhi jua likitoka nafunua. Mpita njia mmoja aliniuliza wagonjwa wameamkaje. Nikamjibu wameamka salama, wanakusalimia.

Mwezi wa saba baridi ilikaza mpaka mafuta ya nazi yakaganda kwenye chupa. Mashina mawili yakaoza. Nililia, sisemi uongo. Nikayang'oa haraka Halidi asije akayaona akanicheka.

Halafu asubuhi moja ya mwezi wa nane nikafunua kiroba, nikaona kitu cha kijani kwenye shina. Kidogo, kama punje ya mchele. Nikatazama shina la pili: kipo! La tatu: kipo! Nilipiga ukelele, Mama Kornel akaja mbio na ndoo ya maziwa mkononi akidhani nimeona nyoka.

"Yanachipua!"

"Hayawi hayawi, yamekuwa!" akasema, na maziwa yakamwagika tukirukaruka.

Majani yakaja, maua ya njano yakafuata. Nikamvuta Halidi kwa mkono akaone. Alitazama, akakohoa, akasema, "Ua haliliwi na ugali," akaondoka zake dukani.

Fundi Paskasi alibisha hodi kabla sijamtarajia, na sururu begani. Bamia zenyewe zilikuwa bado changa. "Karibu fundi, kaa kwanza unywe chai!" nikamwambia, nikakimbilia bustanini. Nilichuma kila iliyofikia urefu wa kidole, hazikujaa hata kiganja. Nikazikatakata, nikatia nyanya, kitunguu na magadi kidogo. Mara mboga ikaanza kuvutika, ikatokota, ikapanda. Mungu mkubwa, sufuria dogo likajaa!

Nikawatengea na ugali. Halidi alikata tonge, akachovya, akala. Akakata la pili. Paskasi alilamba vidole bila kuona haya. Mimi nilisimama mlangoni, nimeshika fremu kwa nguvu. Bakuli likabaki jeupe.

"Ni kidogo," Halidi akasema.

"Hatukuapiana wingi!" nikafoka. "Tuliapiana mboga!"

Akamtazama fundi, akanitazama mimi. "Fundi, rudi nyumbani na sururu lako. Huyu mwanamke amenishinda."

Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Hata kwenye bao, akifungwa husema kete zilihesabiwa vibaya. Machozi yalinilengalenga kwa furaha, lakini mimi ni mimi.

"Sema kwa sauti, Baba Twalha. Mama Kornel hajasikia."

"Nimesikia!" ikaitika sauti nyuma ya ua. "Nipo hapa tangu mnanawa mikono!"