Kuiaga Kwaya

Kwanza mjue kwamba nampenda mume wangu. Nasema mapema kwa sababu nikishaanza kumsimulia Vinzenz mtadhani namchukia. Mzee wa miaka sabini na ushee, magoti yanamlilia akipanda ngazi za kwetu Unterach, lakini mwonyeshe Ziwa Attersee asubuhi ya baridi kali uone anavyochangamka. Tumelizamia ziwa hili tangu tukiwa wachumba. Wenzetu wana bustani, sisi tuna vituo vyetu chini ya maji, na kila kimoja tulikipa jina wenyewe. Kuna Jikoni, kwenye kina kifupi, ambako samaki wenye pua ndefu hujilaza kwenye majani na kukutazama kama umeingia bila hodi. Kuna Mashua, iliyozama na shehena ya mbao zamani za babu zetu. Halafu kuna Ukuta wa Kasisi, mwamba unaoshuka wima mpaka kwenye giza, na kwenye ukingo wake wa chini, mita arobaini, imesimama misonobari iliyoporomoka pamoja na udongo wa mlima. Imesimama vilevile, wima, bila jani hata moja. Vinzenz ndiye aliyeiita Kwaya, na akiitaja utadhani anataja wajomba zake.

Sasa, vuli iliyopita daktari wa moyo akamsikiliza, akamsikiliza tena, akasema kuanzia mwaka mpya asishuke zaidi ya mita ishirini. Mtu mwenye akili angesikia hatari. Vinzenz akasikia kwamba mpaka mwaka mpya ana ruhusa, akataka kushuka mara ya mwisho kuiaga Kwaya. Nikamwambia hapana. Kesho yake nikamwambia hapana. Akasema basi ataenda na Ferdl, mzamiaji mwenzetu, na Ferdl ni mtu mwema, ila hata ukikata roho mbele yake atakupungia mkono akidhani unamsalimu. Ningefanyaje? Nikaenda mimi.

Lazima niwaambie kuhusu kanuni yetu, kwa maana wapiga mbizi wote wa ziwa hili wanaishika kuliko wanavyoshika amri za kanisani. Chini ya maji, yeyote anaweza kuigeuza safari. Unanyanyua kidole gumba, maana yake twende juu, na mwenzako anageuka pamoja nawe palepale. Haulizwi mtu sababu, si chini wala mkishatoka. Hakuna kununa, hakuna kumcheka mtu mezani. Hata mashujaa wa hapa wamewahi kugeuza kwa sababu tumbo liliwauma, na hatukujua ila miaka baadaye walipojitangaza wenyewe.

Tukashuka Jumamosi ya mwisho ya Desemba. Maji yalikuwa safi na baridi ya kung'ata meno. Vinzenz alitangulia, mimi nikimwangalia kwa pembeni, ubavu kwa ubavu na ule mwamba. Mimi nazijua pumzi za mtu huyu. Nimelala nazo, nimezamia nazo, na kwa kawaida akiwa chini anapumua taratibu mpaka unamwonea wivu. Siku hiyo tulipopita mita thelathini mapovu yake yakaanza kutoka kwa pupa, moja juu ya jingine. Kwenye baridi ile ukihema hivyo kipumulio kinaganda, na kikiganda kinamwaga hewa yote ya mtungi kabla hujasema lolote.

Nikamulika chini. Nikaiona Kwaya, vilele vyake tu, vyeupe kwenye mwanga wa tochi. Mapigo machache tu ya miguu tungekuwa katikati yake. Naye aliiona, kwa sababu alinyoosha mkono.

Nikanyanyua kidole gumba.

Alinitazama. Kisha akageuka, kama kanuni inavyotaka, bila hata kutingisha kichwa. Tulipofika kina kifupi tukaning'inia kungoja mwili utulie kabla ya kutoka, kama kawaida, na wakati wote huo alitazama upande wa pili. Nililia ndani ya miwani. Msilijaribu hilo, miwani inajaa ukungu.

Kwenye kibanda cha chakula cha Gerlinde, kando ya ziwa, tuliletewa supu yenye madonge ya ini. Gerlinde alituangalia nyuso, akaweka bakuli akaenda zake. Vinzenz alikoroga supu mpaka ikapoa. Nilijua nimemnyang'anya kitu ambacho hakuna atakayemrudishia, na nilijua ningekinyang'anya tena. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri kuhusu glavu iliyovuja.

Halafu mume wangu, ambaye hajawahi kuivunja kanuni tangu tujuane, akaweka kijiko chini.

"Burgi, uligeuza kwa nini?"

Ule uongo wa glavu nikauacha.

"Kwa sababu ulikuwa unahema kama ng'ombe anayepandishwa mlima," nikamwambia. "Ninunie, mzee. Ninunie mpaka Pasaka. Mradi ununie hapa mezani, ukiwa mzima, nikikuona."

Nilidhani ataondoka.

"Nilitaka kugeuza mimi," akasema. "Tangu juu kabisa, pale mwamba unapoanza. Kifua kilibana."

Jamani. Nilitaka kumpiga na glavu zote mbili. Nikamuuliza, basi mbona mwanamume mzima akaendelea kushuka na kifua kimebana, alikuwa anangoja nini?

"Nilikuwa nakungoja wewe," akasema. "Mimi nikigeuza, mama, nakuwa nimejifukuza mwenyewe, mzee aliyeshindwa. Lakini wewe ukigeuza ni kanuni tu. Kanuni naiweza."

"Na kama nisingekuona?"

"Ungeniona," akasema, akavuta bakuli langu kwa sababu lake lilikuwa limepoa.

Nikamtukana mpaka Gerlinde akatoka jikoni kutazama kuna nini. Nilimwita majina ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Vinzenz alikula supu yangu yote huku mkono wake mwingine umeshika wa kwangu chini ya meza, na ulikuwa bado wa baridi, nami nikaubana kwa mikono yangu miwili mpaka ukapata joto.