Verlyn Haase Alivyokosea Nyumba

"Nani kamweka Duane meza ya mbele?" Verlyn Haase alimnong'oneza mkewe, Marlys.

"Mimi. Kwani si rafiki yako?"

"Ndiyo maana nauliza."

Chuo chao kidogo cha Nebraska, Marekani, kilikuwa kinamwingiza Verlyn kwenye Ukumbi wa Magwiji, na watu mia mbili walikuwa wanakula chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharagwe, na mikate ya mdalasini wakisubiri mechi ya mchana. Siku ya kuchekelea hiyo, lakini yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka minne alikuwa mrusha mpira wa timu ya futiboli ya Kimarekani, yule anayeupokea wa kwanza na kuamua uende kwa nani. Alirusha pasi tamu ajabu, na hakuna anayezikumbuka. Watu wanakumbuka kitu kimoja tu cha mwaka 1986, mechi dhidi ya chuo jirani, zimebaki sekunde tisa.

Mpira hutolewa na mtu wa kati, kwa nyuma, katikati ya miguu yake, na mrushaji huinama nyuma yake kuupokea. Siku hiyo Verlyn, kiwewe kimemjaa, aliinama nyuma ya mtu asiye na mpira: Duane Kratochvil, mlinzi wa kushoto, anayesimama ubavuni mwa mtu wa kati kuwazuia wapinzani, kijana wa shamba mwenye mgongo mpana kama mlango wa ghala. Akaweka mikono pale pale inapowekwa, akaanza kuita namba za kuanzisha mchezo.

Duane hakugeuka. "Verlyn," alisema, "umekosea nyumba."

Wapinzani wakaangua kicheko. Mmoja alikaa chini kabisa. Verlyn akasogea hatua moja, akatulia, akapokea mpira, akapita katikati ya vicheko mpaka mwisho wa uwanja, wakashinda. Kabla hajavua kofia, kocha alikwisha kuwatangazia waandishi kwamba mbinu ile waliifanyia mazoezi wiki nzima.

Verlyn akanyamaza. Ukinyamaza siku ya kwanza, ya pili inakuwa ngumu kusema; yeye alinyamaza miaka thelathini na nane, na sasa ngao ya shaba pale jukwaani iliandikwa "Kwa ujanja wake." Duane naye hakumwambia mtu. Hata hivyo, nani huwauliza walinzi? Wanasukumana kwenye tope saa tatu nzima, kisha wanakwenda zao kukamua ng'ombe. Ukutani palikuwa na picha arobaini na moja za magwiji, na mlinzi hata mmoja hakuwamo.

Jina likaitwa. Verlyn akapanda, karatasi mkononi, meno nje. Akamwona Duane anapiga makofi kuwashinda wote, makombo ya mkate yamemjaa kifuani. Hapo aibu ikamshika kwelikweli. Akaikunja ile karatasi.

"Ile haikuwa mbinu," alisema. "Niliweka mikono kwenye makalio ya mtu mwingine."

Marlys alijifunika uso.

"Duane, simama uwaambie!"

"Siwaambii kitu," Duane alijibu kwa hasira. "Siri yako nimeitunza kuliko ndoa zangu zote mbili, halafu wewe unaimwaga mbele ya chili?"

Watu wakavunjika mbavu. Mwenyekiti wa kamati, jasho likimtiririka, akauliza ngao sasa ifanyweje. Verlyn akasema ibaki, ila picha ya ukutani ataipanga mwenyewe. Akashuka, akamkokota Duane jukwaani.

"Goti langu bovu, mzee."

"Inama tu. Njia naijua."

"Ha! Leo ndiyo unaijua!"

Duane akainama, mkono mmoja chini, kama zamani. Verlyn akajikunja nyuma yake.

"Mzee Verlyn, sogea kidogo kando," mpiga picha akalalamika. "Gwiji haonekani."

"Anaonekana vizuri sana," Verlyn akajibu kutoka huko nyuma. "Piga!"

Ndiyo picha ya arobaini na mbili. Amejaa Duane Kratochvil, machozi yanamlenga na mwenyewe anaapa ni vumbi. Verlyn kinaonekana kipara tu.