Utani wa Shemeji

...na asinibishie mtu, maana ndani ya ile ndege nilikuwamo mwenyewe, kiti cha nyuma ya yule mama fundi cherehani, magoti yangu yanagusa mgongo wa kiti chake, nimeona yote kwa macho haya, na yasiyoonekana nikayasoma kwenye kisogo chake, nina kipaji hicho, muulize anayenijua, na kisogo kilikuwa kinasema mbona tumetua na hatushuki, taa ya mikanda imezimika, watu wameshaanza kugombania mabegi, na sasa rubani anasema nini tena, mabibi na mabwana, tunaomba kila mtu akae, tumembeba askari aliyepoteza maisha kazini, tumpishe atangulie... askari, amesema askari, lakini askari ni wengi, jeshi zima si mwanangu peke yake, na mwanangu yuko mpakani huko, mzima, mtandao tu unasumbua, "Kwani sisi tukishuka yeye atachelewa wapi?" huyo ni mfanyabiashara mmoja aliyekumbatia begi, na bibi wa kiti cha mbele akamgeukia, "Kaa chini, baba, hata adabu ya bure inakushinda?", watu wakacheka, kicheko kikafa chenyewe, mfanyabiashara akakaa, na mama fundi akamtazama shemeji yake hapo pembeni, maana neno kama lile shemeji haliachi lipite bila kulitia chumvi, lakini shemeji anatazama viatu vyake... huyu mdogo wa marehemu mume wangu, tangu siku ya harusi ananiita mke wetu, ananicheka miguu, ati viatu vyangu vitafaa kuvukia mto, na leo tangu alfajiri hajanitania hata mara moja, kwa nini hajanitania, mtu mkono wa birika kama huyu kanikatia tiketi ya ndege, kanipa kiti cha dirishani, kanifunga mkanda kama mtoto, mama kazidiwa, shemeji, hainuki kitandani, anakutaka wewe, twende, hata cherehani sikuifunika, na simu, nipe nikushikie, chaji isiishe, tangu lini simu iliyozimwa ikala chaji... usiwaze, mwanamke, mkweo anaumwa, waza mkweo, lakini huko chini mlango wa mizigo umeshafunguka, wapakiaji wamevua kofia, askari wamejipanga safu mbili, na lile sanduku linateremka polepole limefunikwa bendera, na macho ya fundi hayana adabu, yanapima tu, yanapima kutoka kichwani kwenda miguuni, yule wangu ni mrefu, likizo iliyopita alikuja na suruali ya jeshi inamwagika kiunoni, nikamsimamisha juu ya stuli, pini mdomoni, mama usinichome, tulia basi, askari gani anaogopa sindano, nikampunguzia pande zote mbili, na upindo wa miguu nikauachia kwa sababu bado anarefuka, ndiyo, bado anarefuka, na masanduku haya hutengenezwa saizi moja, lazima ni saizi moja, mwembamba na mnene wote humo humo, "Simu chini, kaka, tafadhali," mhudumu anamwambia mtu anayepiga picha dirishani, na ndani zikasikika feni za juu tu... basi mtazame shemeji, anatoka jasho chini ya feni, na usimtazame, tazama nje, tazama wale raia waliosimama kule kando ya askari, watu wa marehemu hao, masikini, yule mrefu kama mjomba wa kwetu, watu hufanana, na yule bibi kizee aliyekataa kushikwa mkono, aliyejifunga kitenge cha zambarau, kitenge hicho nilikipinda mimi, pindo la mshono mara mbili kwa sababu hapendi nyuzi zimtoke, yule bibi ni mkwe wangu, mgonjwa wangu asiyeinuka kitandani, amesimama juani kwa miguu yake mwenyewe. Hapo kisogo kikanyamaza, kisogo chote, sikusoma tena kitu, nikamsikia kwa masikio haya akisema kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, nitanie," na shemeji akasema, "Mke wetu, kwa miguu hiyo ngazi za ndege zitaomba likizo," na mama akatikisa kichwa, akaushika mkanda aliokwisha kuufungua, akaufunga tena, akaukaza, na rubani bado anaomba tukae, na tumekaa, hakuna aliyeinuka, hata mfanyabiashara. Ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno, ila lile jibu la shemeji nimelitunga mimi, nilishindwa kuliacha lile ombi likining'inia. Shemeji mwenyewe aliingiza mkono mfukoni tu, akamrudishia simu yake, bado imezimwa.