Upana wa Jembe Moja

Wakati wa Mwingereza tulichimba mtaro wa maji ng'ambo ya Temeke. Kila mtu alipimiwa kwa fimbo ngwe yake, kipande cha kuchimba siku ile. Desturi yetu ilikuwa hii: aliyemaliza mapema hakwenda nyumbani, alishuka kwenye ngwe ya aliyechelewa. Ndivyo alivyodumu nasi Mzee Kasimiri, mtu wa Masasi, mwenye kifua kibovu.

Bwana mpya, Mzungu wa kusimamia kazi, alipokuja alilikataza jambo hilo. Nyapara wetu, Mwinjuma, akatutangazia asubuhi: "Kila mtu na ngwe yake. Atakayeshindwa leo, kesho asije."

Hakumtaja mtu, lakini sote tulimtazama Kasimiri. Yeye alitema mate viganjani, akaanza kuchimba.

Jua lilipopinduka, mwenzetu Jamali alikaribia kumaliza. Akaacha udongo wa upana wa jembe moja, akaukalia.

"Umemaliza?" Mwinjuma akamuuliza.

"Bado, bwana nyapara."

"Kimebaki nini?"

"Hiki nilichokikalia."

"Si ukichimbe!"

"Nimechoka. Hata wewe ungechoka, na tumbo hilo."

Tukacheka kidogo, kucheka nako kulitaka nguvu. Nami nikaacha upana wa jembe moja, nikaketi. Jirani yangu akaketi. Mwishowe katika mtaro mzima lilisikika jembe moja tu, la Kasimiri, pamoja na kikohozi chake.

Mwinjuma alipita ukingoni juu yetu, akarudi. Masika yalikuwa karibu. Akitufukuza wote, mvua ingeukuta mtaro haujaisha, na wa kuulizwa angekuwa yeye.

"Mnanifanya mtoto," akasema.

"Hapana, bwana nyapara," nikamjibu. "Tumeshindwa sote. Kesho tusije?"

Akaangalia barabarani kuona kama Bwana anakuja. Kisha akatugeuzia mgongo. "Mie sioni kitu. Fanyeni upesi."

Tukashuka kwa Kasimiri. Hakutushukuru, alitusogezea nafasi tu. Tulipokaribia mwisho akainua mkono.

"Basi. Hapo niachieni."

Aliuchimba mwenyewe upana ule wa mwisho, akipumzika kila pigo, nasi tukamngoja kama watu wanaomngoja mwenzao amalize kusali. Alipomaliza alifuta jembe kwa majani, akatutazama tulivyosimama.

"Na nyie je?" akasema. "Ngwe zenu nani atamaliza?"

Tukarudi kila mtu kwenye kipande chake, mikono haina nguvu. Naye akaja nyuma yetu na jembe lake.