Ukaguzi wa Kitanda cha Bibi Lempi

Ni nani mwenye haki ya kumwamulia mtu wa miaka sabini na tisa mahali pa kuhisi baridi? Swali hilo lilinisumbua njia nzima, kutoka chuoni hadi kambi iliyo ufukweni mwa Ziwa Superior, huko Amerika Kaskazini, ambako Bibi yangu Lempi alikuwa ameegesha gari-nyumba lake katika theluji iliyofika magotini. Kila Februari kwa miaka thelathini amelala humo. Kwanza pamoja na Babu, na tangu Babu atutoke, pamoja na redio.

Mwaka huu Mjomba Reino alikuwa amekwisha kumpata mnunuzi wa gari hilo.

"Senja," aliniambia kwa simu, "wewe ndiye unayesomea afya ya jamii. Lala naye usiku mmoja tu. Ukisema anafaa kubaki, nanyamaza. Ukisema hafai, Jumamosi asubuhi nakuja kulivuta hilo gari."

Nilikubali kwa moyo mweupe, kwa kuwa naamini kwamba ukweli ukikusanywa kwa utaratibu humtendea haki kila mtu. Nilibeba kipimajoto, daftari jipya, na mfuko wa kulalia ambao, kwa mujibu wa maandishi yake, ungemhifadhi mtu hai juu ya kilele cha mlima.

"Mkaguzi kafika!" Bibi alisema alipofungua mlango. "Karibu, mke mwenzangu. Vua viatu, theluji hailali humu."

"Nani kakwambia nimekuja kukagua, Bibi?"

"Reino hajui kunong'ona tangu azaliwe."

Jioni alirudi kutoka sauna, chumba cha mvuke cha kambi, na ndoo ya mawe ya moto. Aliyatumbukiza moja moja katika soksi nzito za sufu zilizokuwa za Babu, akayapanga chini ya blanketi kama mtu anayelaza watoto.

"Lako hili. Liweke miguuni, siyo tumboni, usije ukajipika."

"Asante, Bibi, lakini mfuko wangu hauhitaji jiwe."

"Haya, msomi. Basi chukua haya." Akanikabidhi mayai manne yaliyofungwa katika skafu. "Kabati lile linagandisha. Mayai yanalala na watu."

"Na nikiyalalia?"

"Utaamka mayai ya chai yamekwisha kuvurugwa."

Niliandika katika daftari: *Mhusika hulala na chakula.* Kisha: *Mhusika huvaa kofia ya manyoya ya marehemu mumewe kitandani.* Lakini jambo lililonitia hofu ya kweli lilitokea alipokuwa tayari kupanda kitandani. Kipimajoto changu kilionyesha nyuzi kumi chini ya sifuri huko nje. Naye, bila haya, alifungua dirisha lililo juu ya kitanda changu kwa upana wa kidole, kisha akazungusha mkono wa tundu la hewa la paani hadi likapanuka.

"Bibi! Tutalipasha joto ziwa zima!"

"Tunapumua, binti. Watu wawili wakipumua humu hadi asubuhi, pumzi hiyo inataka pa kutokea."

"Lakini hita inakula gesi bure."

"Hita imekulalamikia wewe? Lala. Chuo kimekufunza kusoma, kulala bado."

Niliandika, na moyo uliniuma nilipokuwa nikipiga mstari chini ya maneno hayo: *Akili imeanza kupungua.* Nilingoja hadi akaanza kukoroma. Kisha, kwa mapenzi matupu, nililifunga dirisha, nikalifunga tundu la paani, nikasokomeza taulo kwenye ufa wa mlango, nikajitosa katika mfuko wangu nikiwa na mayai manne na dhamiri safi.

Niliamka nikiwa na joto hadi kucha, nikajipongeza. Kisha nikajaribu kuinua kichwa.

"Bibi?"

"Mm."

"Siwezi kuamka."

"Huo ni ugonjwa wa chuoni."

"Nimegandana na ukuta, Bibi."

Ilikuwa kweli. Pumzi zetu zilikuwa zimegeuka maji, maji yakatiririka nyuma ya godoro, na huko yakawa barafu. Msuko wangu wa nywele, ulioanguka kati ya godoro na ukuta, ulikuwa umeshikwa kama samaki ziwani. Daftari nililokuwa nimeliegemeza hapo lilikuwa limeganda pia, ushahidi wote ukiwa ndani. Bibi alicheka hadi kofia ya Babu ikaanguka. Akachemsha maji, akalowesha kitambaa, akaanza kuniyeyusha.

"Usivute! Utarudi chuoni na nusu kichwa."

Ndipo alipoliona dirisha. Alilitazama, akanitazama mimi, akaendelea kuyeyusha.

Mjomba Reino aliingia wakati huohuo, akamkuta mama yake amenisimamia na birika linalofuka moshi.

"Mama! Unamfanya nini mtoto?"

"Namvua ukutani."

Mjomba alipapasa ukuta, akakwangua jalidi kwa ukucha. "Barafu ndani ya nyumba! Mwenyewe ungegandia hapa, nani angekuvua? Basi, Mama. Imetosha. Nimeshaona."

Bibi aliliweka birika chini. Alianza kuyatoa mawe yaliyopoa katika soksi za Babu na kuzikunja, moja juu ya nyingine, kama mtu anayefunga mizigo.

"Jitetee basi," Mjomba akasema.

"Mkaguzi ulimtuma wewe. Muulize yeye."

Nakiri kwamba nilifikiria kumwacha Mjomba aamini alichokiona. Ilikuwa rahisi mno. Ukuta ulikuwa upande wangu na daftari lilikuwa upande wangu. Nami nilitamani sana kubaki yule anayejua. Kisha msuko ukabanduka, nikainuka ghafula, na yai moja likatoka mfukoni, likapasukia juu ya buti la Mjomba. Lilimwagika vizuri kabisa. Halikuwa limeganda hata kidogo.

Sote tulilitazama.

"Mjomba," nikasema, "Bibi aliliacha dirisha wazi. Nililifunga mimi alipolala. Tundu la paani nalo nililifunga mimi, na taulo hilo mlangoni ni langu. Barafu hii ni kazi ya usiku mmoja wa akili yangu."

"Senja, usimfichie."

"Simfichii. Uliniomba hukumu, na hii ndiyo hukumu yangu: Bibi anabaki hadi mwisho wa Februari, na gari haliuzwi. Mpigie mnunuzi simu sasa hivi, hapa hapa, nisikie."