Ujerumani Ilishaombewa

Tangu binti yangu Kagwiria aseme anataka kwenda Ulaya, kila mtu hapa Ruiri amekuwa mtaalamu wa Ulaya. Mwenye duka la mbolea anajua mishahara ya Ufini. Jirani ambaye hajawahi kufika hata Isiolo ananieleza jinsi baridi ya Polandi inavyouma masikio. Mimi nakamua ng'ombe wangu, nasikiliza, nasema "aa, kumbe," na moyoni natamani waende zao nyumbani.

Kagwiria ni muuguzi katika hospitali moja mjini Meru. Kandarasi yake huisha, ikaongezwa, ikaisha tena, na kila ikikaribia kuisha hapati usingizi. Basi akaamua kuondoka. Nchi zilizojadiliwa zilikuwa nne. Polandi iliondolewa na Gatwiri, mke wa mwanangu, ambaye kwao ni Embu, kwa sababu hakuna mtu yeyote wa Embu anayemjua aliyeko huko. Ufini niliiondoa mimi nilipoambiwa kwamba kuna miezi jua huchungulia kidogo tu likarudi kulala. Zikabaki Ujerumani na Ayalandi. Kagwiria akaanza kusoma Kijerumani, na hapo ndipo tulipokosea. Tuliipeleka Ujerumani kanisani.

Kwetu anayesafiri huitwa mbele ya kanisa, akawekewa mikono na kuombewa. Wenye busara husubiri hadi viza itoke. Sisi hatukusubiri. Mzee Murungi, mzee wa kanisa na jirani yetu wa ng'ambo ya mto, alifumba macho akaitaja Ujerumani kwa jina mara nyingi, kana kwamba Mungu angeweza kupotea njia. Akina mama wakamvika Kagwiria kabuti jeusi, zito, wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo kila Jumapili naulizwa, "Ujerumani inaendeleaje?" Jambo likishaombewa na kanisa zima likatiwa amina, kuligeuza ni kama kurudisha nguo dukani baada ya kuivaa. Hakuna anayekukataza, lakini utawatazamaje watu?

Sasa nieleze jambo ambalo hakuna aliyelijadili.

Kagwiria ana mtoto wa kike, Kanana. Ana miaka minne na nguvu za ndama. Baba yake hatumtaji. Nimemlea tangu hajajua kutembea, na haikutokea hivyo kwa bahati. Kwetu mjane haachwi alale peke yake ndani ya nyumba. Mume wangu alipofariki, kabla hata viti vya kukodi havijarudishwa, watoto wangu walikaa kando wakashauriana ni nani atanipa mjukuu. Wa kunichangamsha, walisema, wa kutumwa chumvi. Kailemia, kifungua mimba wangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makutano, akaniletea wanawe wawili wakubwa. Hao walipokwenda shule ya bweni, Kagwiria akaniletea Kanana. Ni heshima kubwa. Mwanamke asiyeletewa mjukuu huonewa huruma kijiji kizima. Kama ana nguvu za kulea au hana, hilo haliulizwi.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nasema hivyo bila kupamba. Nililea wangu, nikalea wa Kailemia, nikaanza upya na huyu. Akilala ananipiga mateke ya mbavu. Akiamka anataka uji wa wimbi usio na hata chembe moja ya donge. Mchana anapotelea kwenye mahindi, nami namwita hadi koo linakauka, kumbe yuko nyuma yangu anacheka. Nampenda mtoto huyo, nampenda sana, na nikimwosha miguu jioni najiuliza kama mgongo huu utafika naye mwisho wa shule ya msingi. Kumpenda hakukuniondolea uchovu hata kidogo. Vyote viwili vilikaa kifuani mwangu, kila kimoja upande wake, havisalimiani.

Siku moja ya mapumziko yake Kagwiria alikuja, tukakaa kwenye gunia uani tukichambua maharagwe. Alikuwa ametoka kazini asubuhi hiyo na alikuwa akisinzia huku vidole vinaendelea.

"Mami, yule agent wa Ireland amenipigia tena," akasema. "Anasema hiyo hospitali yao inakubali niende na Kanana from day one. Wako na nyumba za wafanyakazi wenye watoto."

"Na hiyo yako ya Ujerumani?"

"Hiyo nitapewa room ya hostel, ya mtu mmoja. Kanana atakuja nikipata nyumba yangu. Na wasichana wenye wako huko wanasema kupata nyumba ni shida, inaweza chukua miaka."

Moyo wangu uliruka, nikainamisha uso kwenye ungo ili asiuone. "Sasa utafanya nini?"

"Si nitaenda tu Germany? Ilishaombewa."

Nikatupa harage zuri nikabakisha jiwe.

Kuanzia hapo nikaanza kuipigia Ayalandi kampeni kimyakimya. Ningesema nini waziwazi? Bibi gani huyo anayemfukuza mjukuu? Kwa hiyo nikasema nimesikia Wajerumani hula mkate baridi jioni, tena bila chai. Nikasema Ayalandi ni watu wa viazi na maziwa, yaani ni kama hapa kwetu Buuri tu. Nikasema lugha ya kujifunzia ukubwani humchosha mtu, na huko Ayalandi Kiingereza chake kingemtosha. Kagwiria akaniambia hata Kiingereza angefanyiwa mtihani, yeye aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na akacheka kicheko kisicho na furaha. Kisha akanitazama.

"Mami, kwani wewe unataka niende Ireland?"

"Mimi sitaki kitu," nikasema. Nilikuwa na hasira naye kwa kutoelewa, na nilikuwa nimehakikisha haelewi.

Mkutano wa familia ulipangwa Jumapili baada ya kanisa, ili Ujerumani ipitishwe rasmi na michango ianze. Jumamosi alasiri nilikuwa zizini. Kanana alikuwa amepanda juu ya hori ya ng'ombe, anaimba, na ng'ombe mkubwa hapendi kuimbiwa. Nikamnyanyua. Nilipomweka chini, mgongo ukakataa kunyooka. Nikaipindua ndoo nikaikalia, na mtoto akakimbilia kuku wake. Nilijaribu kusimama nikashindwa. Kagwiria, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya mkutano, ndiye aliyenikuta.

"Mami, umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

"Hapa kwa mavi ya ng'ombe?"

"Kagwiria, ukienda, enda na mtoto wako."

 Nikaona afadhali nimalize, maana nisingethubutu tena.

"Nimechoka, mwanangu. Si ati simpendi. Nimechoka mpaka kwa mifupa. Naogopa siku moja atanikuta nimelala hapa na hataweza kuniinua."

Nilidhani nimemuumiza. Akaegemea nguzo ya zizi akalia kwa sauti, jinsi ambavyo hakuwa amelia tangu tulipomzika baba yake.

"Mimi nilikuwa nachagua Germany kwa ajili yako," akasema. "Kailemia alisema nikienda na Kanana utabaki pekee yako, utaisha. Nikasema basi wacha nikuachie. Kila night shift naingia choo ya staff nalia, Mami. Naona nikirudi akiniita auntie. Lakini ningekunyang'anya mtoto vipi?"

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungesema?"

Alikuwa na haki. Nisingesema. Ningemwambia Ujerumani ni nchi nzuri, nikachukua ndoo yangu nikaenda kukamua. Alinishika chini ya makwapa kama anavyowashika wagonjwa wake, akaninyanyua polepole, tukasimama pale tumeshikana. Nililia na mimi. Tulikubaliana kwamba kesho atataja Ayalandi, na sababu atasema ni lugha. Jina langu hatalitia. "Sitaki waseme ulikataa mjukuu," akasema, na nikamshukuru.

Jumapili walikuja. Kailemia na Gatwiri walifika na mtoto wao wa mwisho, Mukami, ambaye ndio kwanza ameanza kusema sentensi. Mzee Murungi alikuja na Biblia yake. Tukanywa chai, tukala chapati na nyama ya mbuzi. Kisha Kagwiria akasimama akasema amebadilisha, anakwenda Ayalandi, Kijerumani kimemshinda, na Kanana atakwenda naye.

Mzee Murungi akaweka kikombe chini. "Ayalandi? Lakini tulimwambia Mungu Ujerumani."

"Mzee, nafikiri Mungu anajua zote mbili," Kagwiria akasema kwa upole.

"Anajua. Mimi nauliza kanisa nitaliambia nini."

Walizunguka hapo kwa muda mrefu. Kabuti lilitajwa. Mwishowe ikakubaliwa kwamba baridi ni baridi tu na kabuti litafaa kokote. Nilianza kupumua. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka niliona kitanda changu kikiwa kitupu, nikijinyoosha katikati. Wakati huohuo nikaona kijiti chenye ncha ya mkaa ambacho Kanana huchorea ng'ombe ukutani, kikiwa kimelala tu kwenye kona bila mwenyewe. Nilimeza chai.

Hapo Kailemia akakohoa. Kailemia ni mtoto mwema. Moyo wake ni mkubwa, na akiamua kukusaidia huwezi kumkwepa.

"Sasa Mum hawezi bakia hivi hivi," akasema. "Tumeongea na Gatwiri hapa kando. Mukami ameacha kunyonya. Tutamwacha akae na shosho yake. Hata leo anaweza baki, nguo zitaletwa kesho."

"Hiyo ni maneno ya maana," Mzee Murungi akasema. Uso wake ulikunjuka, kwa sababu hatimaye kulikuwa na jambo lisilohitaji kuelezwa kanisani. "Tusimame tuombe, tufunge."

Wote wakasimama. Nilimtazama Kagwiria, naye akanitazama, mdomo wazi. Alikuwa ametumia sababu zake zote. Gatwiri alikuwa amemkumbatia Mukami huku ameinamisha kichwa. Macho yakafumbwa.

"Bwana," Mzee Murungi akaanza, "tunakushukuru kwa safari hii ya Ayalandi, ingawa tulikuwa tumekueleza mambo mengine. Tunamweka huyu msichana na mtoto wake mikononi mwako."

Mimi nilijua ninachosubiri. Ikifika amina, basi. Mukami angekuwa ameombewa, na mimi ningeanza tena na uji, na mateke, na kupotea kwenye mahindi, hadi siku ya ndoo nyingine. Sikuwahi katika maisha yangu kukatiza maombi. Nimewahi kuacha ugali uungue kwa sababu mtu alikuwa anaomba.

"Na huyu mtoto Mukami, Bwana, ambaye kuanzia siku ya leo..."

"Hapana," nikasema.

Mzee Murungi akafumbua jicho moja.

"Mzee, hiyo usiiombee."

"Mama Kailemia, tuko kwa maombi."

"Najua mahali tuko. Ndiyo nasema sasa, kabla ya amina." Nilishika mgongo wa kiti. "Nimechoka. Mukami ni wangu, aje likizo, nimpikie, nimbebe kama nitaweza, arudi kwa mama yake. Lakini kulea nimemaliza. Kagwiria hakushindwa na Kijerumani. Mimi ndiye nilimwambia aende na mtoto. Nataka kulala."

 Kailemia alikuwa ananitazama kana kwamba anamsalimia mtu asiyemjua.

"Lakini Mum, utakaa pekee yako?" akauliza.

"Nitakaa," nikasema, na sauti ikatetemeka, kwa hiyo nikasema tena, "Nitakaa."

Gatwiri akaketi ghafla, Mukami mapajani, akamzungushia mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anatabasamu. Hata yeye alikuwa ameambiwa tu, hakuwa ameulizwa.

Mzee Murungi bado alikuwa amesimama, mkono mmoja juu. Alionekana mchovu yeye pia. Ni mtu wa umri wangu.

"Sasa nitafunga namna gani?" akaniuliza.

"Anza tena, Mzee."

Akaanza tena kutoka mwanzo. Akaomba juu ya Ayalandi, akaomba juu ya Kagwiria na ndege na ule mtihani wa Kiingereza, akaombea duka la Kailemia. Jina la Mukami akalipita haraka. Alipofika kwangu akasita, na katika kile kimya nikamsikia Kanana huko nje akigombeza kuku kwa sauti yangu mimi, maneno yangu yaleyale.

"Na Mama Kailemia, Bwana," Mzee Murungi akasema, "umpe usingizi."

Nikasema amina kabla ya wengine.